Kupalilia Shina na Kutia Samadi: Somo la Kutunza Uumbaji kutoka Mashamba ya Hopi



Ndugu msomaji, katika Injili ya Luka (13:6-9) Bwana wetu anasimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, kwa kuwa anaona unachukua nafasi bure. Mtunza shamba anamsihi auache mwaka huo pia, ili apate kuchimba pembeni mwake na kuutilia samadi. Tunapolihubiri somo hili hukazia subira ya Mungu na wito wa toba, na ni sawa kabisa. Lakini tuitazame pia kazi ambayo mtunza shamba yule anajitolea kuifanya. Hagusi matawi. Anainama chini, kwenye udongo, maana mkulima mzoefu anajua kwamba mti usiozaa mara nyingi una shida mahali uliposimama.

Leo tutajifunza jambo hilo kwa mfano wa zao ambalo wengi wetu hatujaliona shambani, ingawa tumesikia habari za kinywaji chake: hopi. Tutaona jinsi kilimo chake kilivyoumiza udongo na maji, jinsi wakulima wanavyojaribu kurekebisha, kwa nini marekebisho hayo ni magumu, na Kanisa linafundisha nini juu yake.

1. Mhopi ni mmea gani?

Hopi ni maua ya mmea utambaao wenye jina la kitaalamu Humulus lupulus. Maua ya mmea jike, yaliyojikunja kama vikoni vidogo vya kijani, yana unga wa manjano wenye harufu kali na uchungu. Unga huo ndio unaoipa bia uchungu wake na kuizuia isiharibike upesi.

Shina la chini la mhopi hukaa ardhini miaka mingi, ishirini hata zaidi. Kila mwaka machipukizi hutoka upya, hupanda kwenye kamba zilizofungwa juu ya nguzo na waya, hufikia urefu wa mita tano hadi saba, kisha hukatwa wakati wa mavuno. Mmea huu huhitaji siku ndefu za kiangazi, zenye mwanga wa saa kumi na tano hivi, ndipo ukue vya kutosha kabla ya kutoa maua. Kwetu karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, huchanua ungali mdogo na mavuno huwa haba. Ndiyo maana viwanda vyetu vya bia huagiza hopi kutoka ng'ambo. Wazalishaji wakubwa duniani ni Marekani na Ujerumani.

Historia ya mmea huu imepita ndani ya kuta za monasteri. Mwaka 822 Abati Adalhard wa Corbie, huko Ufaransa, aliitaja hopi katika kanuni zake za uendeshaji wa monasteri. Karne tatu baadaye Mtakatifu Hildegard wa Bingen (1098-1179), mtawa Mbenediktini ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa tarehe 7 Oktoba 2012, aliandika kuihusu katika kitabu chake cha mimea na tiba. Hakuisifu sana, kwa maana aliona inamwongezea mtu huzuni, lakini alikiri kwamba uchungu wake huvikinga vinywaji visioze.

Huenda mtu akauliza: je, inafaa seminari kufundisha habari za zao la bia? Yoshua bin Sira (31:27-31) anafundisha kwamba kileo ni chema kikitumiwa kwa kiasi, na ni uharibifu kikizidi. Hilo halibadiliki. Somo la leo, hata hivyo, linahusu shamba, na shamba la hopi linatuonyesha kwa uwazi kinachotokea zao moja linapokaa mahali pamoja kwa miaka ishirini.

2. Bonde la Yakima: maji, udongo na samaki

Twende kwanza katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Karibu robo tatu ya hopi za nchi hiyo hutoka huko, hasa katika bonde la Mto Yakima. Bonde hilo liko nyuma ya milima ya Cascade, ambayo hukinga mawingu ya bahari, hivyo mvua yake ni kidogo sana: milimita mia mbili hivi kwa mwaka katika sehemu nyingi za mashamba. Kilimo hutegemea theluji ya milimani inayoyeyuka, kujaza mabwawa, na kushuka kwa mifereji. Mwaka 2015 theluji ilikuwa chache mno, na gavana akatangaza hali ya hatari ya ukame katika jimbo zima.

Kwa miaka mingi wakulima wa bonde hilo walimwagilia kwa kuachia maji yapite katika mitaro kati ya mistari ya mazao. Njia hiyo ni rahisi, lakini maji yanapokimbia kwenye udongo ulio uchi huondoka nao. Matope yaliingia mtoni, na ndani ya matope mlikuwa na dawa za shambani. DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 bado ilionekana ndani ya samaki wa Yakima, na wananchi wakatahadharishwa kuhusu ulaji wa baadhi ya samaki hao. Sumu iliyonyunyiziwa na baba ilimfikia mjukuu kwenye sahani.

Samaki wa mto ule si mboga tu. Salmoni ni sehemu ya maisha na ibada ya watu wa taifa la Yakama, wenyeji wa asili wa bonde hilo, ambao katika mkataba wa mwaka 1855 na serikali ya Marekani walijihifadhia haki ya kuvua mahali walipozoea. Mto ukichafuka, haki hiyo hubaki kwenye karatasi.

3. Mtego wa dawa

Maadui wakubwa wa mhopi ni wanne. Wa kwanza ni utitiri, yule yule anayesumbua nyanya na maharage kwetu. Wa pili ni vidukari, wanaofyonza majani na kuacha utomvu mtamu unaoota ukungu mweusi. Wa tatu na wa nne ni magonjwa ya kuvu: ubwiri unga na ubwiri unyoya.

Tumchukue utitiri. Mkulima anaona majani yameanza kuwa na madoa ya manjano, ananyunyiza dawa kali inayoua wadudu wa kila aina. Utitiri wengi wanakufa. Lakini pamoja nao wanakufa wadudu rafiki: wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, na jamii nyingine ya utitiri ambayo chakula chake ni utitiri mharibifu. Wakati wa joto kali utitiri mharibifu hukamilisha kizazi kimoja kwa muda wa wiki moja au mbili, ilhali maadui wake huchukua muda mrefu zaidi kurudi. Wachache walionusurika huzaa watoto wenye usugu dhidi ya dawa ile ile. Baada ya majuma machache tatizo ni kubwa kuliko mwanzo, na mkulima anarudi dukani kununua dawa nyingine.

Mbolea nayo inaweza kuwa sehemu ya mtego huu. Naitrojeni ikizidi, majani huwa laini na yenye utomvu mwingi, na vidukari na utitiri huyafurahia. Ile isiyotumiwa na mmea husombwa hadi kwenye maji ya ardhini.

4. Njia za kuhuisha shamba

Wakulima na watafiti wamekuwa wakitafuta njia ya kutoka mtegoni. Kilimo cha kuhuisha, kwa maneno mepesi, ni kilimo kinachouacha udongo katika hali bora kuliko ulivyokuwa mwanzo. Katika mashamba ya hopi kina hatua kadhaa.

*Udongo usiachwe uchi.* Kati ya mistari ya mihopi kuna nafasi ya mita tatu au zaidi. Zamani nafasi hiyo ililimwa mara kwa mara ibaki safi. Sasa wengi hupanda mazao funika: nafaka kama shayiri au rai, mimea ya jamii ya mikunde, au maua ya porini. Mizizi hushika udongo, mikunde hurudisha naitrojeni, na maua huwapa wadudu rafiki chakula na makazi. Jambo hili ni muhimu pia katika Hallertau, eneo la Bavaria nchini Ujerumani ambalo ni kubwa kuliko yote duniani kwa mashamba ya hopi yaliyokaa pamoja. Ni nchi ya vilima, na mvua moja kubwa ikikuta mteremko umelimwa upya huondoka na tabaka la juu la udongo.

*Wadudu rafiki walindwe.* Mkulima hukagua majani kila wiki, huhesabu waharibifu na maadui wao, na hunyunyiza tu pale hesabu inapoonyesha kuwa maadui wameshindwa. Akilazimika, huchagua dawa inayolenga mdudu mmoja. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Washington umeonyesha kwamba dawa kali zikipunguzwa, wadudu rafiki huongezeka na huweza kuwadhibiti utitiri.

*Maji yatolewe kwa matone.* Mashamba mengi ya hopi ya Yakima yameacha mitaro na kutumia mipira yenye vitundu inayodondosha maji kwenye shina. Maji kidogo hutosha, na matope hayaendi mtoni.

*Kilichotoka shambani kirudi shambani.* Wakati wa mavuno mmea mzima hukatwa na kupelekwa kwenye mashine ya kuchambua. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni majani na mashina. Yakitengenezwa mboji, hurudisha rutuba. Hata kamba ina habari yake. Marekani hutumia sana kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi ambazo watu wetu wa pwani wanazijua tangu enzi za majahazi. Kamba hiyo huoza pamoja na mabaki, wakati ya plastiki huacha vipande ardhini.

*Mifugo isaidie.* Huko New Zealand kondoo huingizwa katika mashamba ya hopi. Hula magugu na majani ya chini ya mihopi, ambako unyevu hukaa na kuvu huanzia, na huacha samadi.

*Mbegu ziwe na ukinzani.* Katika miaka ya 1920 ubwiri unyoya uliharibu mashamba ya Ujerumani kiasi cha kutisha. Mwaka 1926 kilianzishwa chama cha utafiti wa hopi, chenye kituo chake Hüll, ndani ya Hallertau. Tangu hapo watafiti wamezalisha aina zinazostahimili magonjwa. Aina moja bora huchukua miaka kumi au zaidi kupatikana. Hapa tena tunakutana na subira ya yule mtunza shamba.

5. Tusidanganyane: kuna ugumu

Ingekuwa rahisi kumaliza somo hapa na kumlaumu kila mkulima ambaye bado ananyunyiza dawa. Ukweli ni mgumu zaidi.

Kwanza, dawa ya "asili" nayo huweza kudhuru. Wakulima wa kilimo hai hutegemea sana shaba kuzuia ubwiri unyoya. Shaba haiozi. Kila inaponyunyiziwa hujikusanya kwenye udongo, na ikizidi huua minyoo na viumbe vidogo vinavyoupa udongo uhai. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2019, umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika kipindi cha miaka 7.

Pili, mabaki ya mihopi yanaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko. Yakirudishwa mabichi yanaupeleka ugonjwa katika shamba lililokuwa salama, hivyo lazima mboji ipate joto la kutosha na muda wa kutosha.

Tatu, nishati. Hopi mbichi ina maji karibu asilimia 80 ya uzito wake, na lazima ikaushwe hadi ibaki asilimia kumi hivi, ndani ya saa chache, katika matanuri yanayotumia gesi au mafuta. Shamba linaweza kuwa na udongo wenye afya na bado likachangia kuipasha joto dunia.

Nne, gharama. Mazao funika, mipira ya maji na ukaguzi wa kila wiki vinahitaji fedha leo, ilhali faida yake huonekana baada ya miaka. Na soko halisubiri. Mwaka 2021 majimbo matatu ya Washington, Oregon na Idaho yalikuwa na zaidi ya ekari 60,000 za hopi. Kufikia mwaka 2024 zilikuwa chini ya ekari 46,000, kwa kuwa mahitaji ya viwanda vya bia yalipungua na maghala yalijaa. Mkulima anayeng'oa mihopi yake kwa kukosa mnunuzi atapata wapi moyo wa kuupumzisha udongo?

Na yupo wa tano, ambaye husahauliwa: kibarua. Kufunga maelfu ya kamba kwenye waya, kuzungushia machipukizi kwa mkono kila moja, na kusimama kwenye mashine usiku na mchana wakati wa mavuno ni kazi ya watu, na wengi wao katika bonde la Yakima wana asili ya Mexiko. Dawa inaponyunyiziwa, yeye ndiye wa kwanza kuivuta. Kumbukumbu la Torati (24:14-15) linaagiza mshahara wa kibarua maskini ulipwe kabla jua halijatua, na Mtakatifu Yakobo (5:4) anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Shamba lenye nyuki wengi na vibarua wanaodhulumiwa haliwezi kuitwa shamba lililohuishwa.

6. Kanisa linafundisha nini?

Kitabu cha Mwanzo (2:15) kinampa mwanadamu kazi mbili katika bustani: kuilima na kuitunza. Kulima bila kutunza ni kuinyonya ardhi. Mambo ya Walawi (25:1-7) yanaipa ardhi yenyewe Sabato, mwaka wa saba wa kupumzika, na mazao yanayojiotea mwaka huo ni chakula cha wote: mwenye shamba, watumwa, vibarua, wageni na hata wanyama. Shamba la mihopi ya miaka ishirini haliwezi kupumzishwa kwa namna ile ile, lakini roho ya sheria inaweza kushikwa. Nafasi kati ya mistari, ikiachiwa mimea mingine na viumbe wengine, ni pumziko dogo la ardhi kila mwaka.

Mwaka 2001 maaskofu Wakatoliki wa eneo lote la bonde la Mto Columbia, wa Marekani na Kanada, walitoa barua ya kichungaji kuhusu mto huo. Yakima ni kijito chake, na jimbo katoliki la Yakima limo ndani ya bonde hilo. Maaskofu walitazama pamoja mambo ambayo watu walizoea kuyatenganisha: maji, samaki, wakulima, wafanyakazi, wenyeji wa asili. Waliliita bonde zima mali ya manufaa ya wote, na waliunganisha haki kwa maskini na haki kwa mazingira.

Miaka 14 baadaye, tarehe 24 Mei 2015, hayati Papa Fransisko aliutia sahihi waraka wake Laudato si'. Aya ya 139 inafundisha kwamba hatuna migogoro miwili, mmoja wa mazingira na mwingine wa jamii, bali mgogoro mmoja wenye sura zote mbili. Aya ya 195 inagusa moja kwa moja suala la gharama: uchumi ni wa haki pale tu gharama za kutumia mali ya wote zinapokubaliwa wazi na kubebwa na wale wanaozisababisha, zisitupwe kwa watu wengine au vizazi vijavyo. Matope ya Yakima yalikuwa gharama iliyotupwa. Mkulima hakuilipa, kiwanda cha bia hakikuilipa, mnywaji hakuilipa. Waliilipa wavuvi na watoto ambao walikuwa hawajazaliwa.

Kutokana na hayo, uhuishaji wa shamba hauwezi kuachwa mabegani mwa mkulima peke yake. Mnunuzi anayetaka hopi safi kwa bei ya chini kabisa anamwomba mkulima alipe deni la watu wote. Mwenye shamba katika mfano wa Luka alikuwa na sehemu yake: alipaswa kukubali kungoja.

7. Na sisi je?

Hatulimi hopi, lakini tunayo kahawa. Katika miteremko ya Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya mibuni hukaa mahali pamoja miaka mingi kuliko mihopi, na kwa miongo kadhaa mashamba mengi yamenyunyiziwa dawa za shaba, jamii ya mrututu, dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Shaba ile bado imo ardhini. Tunazo pia bustani za nyanya ambako utitiri umezoea dawa, na kijana anayenyunyiza bila kinga ya uso kwa ujira wa siku moja.

Seminari nyingi na parokia nyingi zina mashamba. Wengi wetu tulishika jembe hapo kabla ya kushika kitabu cha falsafa. Shamba hilo hufundisha waamini hata pale ambapo hakuna anayehubiri. Wakipita na kuona miteremko imeachwa uchi, majani ya mahindi yanachomwa, na kibarua anangoja malipo ya mwezi uliopita, wamekwisha kusikia homilia. Wakiona matandazo, shimo la mboji na kibarua aliyelipwa jioni ile ile, nayo ni homilia.

Mfano wa mtini hautuambii kama mwaka uliofuata mti ulizaa. Bwana ameuacha wazi. Tunachojua ni kwamba mtu mmoja alijitolea kuchimba na kubeba samadi.

Maswali ya kutafakari binafsi au katika jumuiya

1. Katika shamba la familia, parokia au seminari yako, ni gharama gani inayotupwa kwa jirani wa bondeni au kwa watoto watakaozaliwa?

2. Soma Luka 13:6-9 pamoja na Walawi 25:1-7. Subira ya mtunza shamba na pumziko la ardhi vinahusianaje?

3. Kibarua wa mwisho kufanya kazi kwenu alilipwa lini, na alikuwa na kinga gani aliponyunyiza dawa?

4. Jumuiya yenu ndogo ndogo ichague kipande kimoja cha ardhi na tendo moja la kukihuisha msimu huu. Nani atafanya, na nani atachangia gharama?